Choki imetengenezwa, slo ikapotea: kisa cha DT ya Ami

Piki ilikuwa ikikaa slo kwa miaka, yani yanguruma taratibu yenyewe bila kushikwa mafuta, choki yake ikatengenezwa, na tangu siku hiyo haikai slo mpaka choki iwe imevutwa. Shida yenyewe ndiyo hiyo. Naiandika yote mwanzo mwisho manake nimeona watu wengi huku Mombasa wakitupa kabureta za zamani, hiki kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa sababu kama hii, kabureta zisizo na kosa lolote, na ukishaitupa ile orijino kuipata nyengine ni kazi kwelikweli.

Piki ni Yamaha DT175 ya mwishoni mwa miaka ya 70, injini ya stroki mbili, oili iko kwa tanki lake mbali na petroli na pampu ndiyo huipeleka, kabureta ni Mikuni ya aina ya VM, ile ya slaidi ya duara, kipande kinachopanda na kushuka ukizungusha grip, kufungua na kufunga njia ya hewa. Mwenyewe ni mzee wa Mji wa Kale, sote twamwita Ami, na hiyo piki ameitunza kuliko watu wengine wanavyotunza magari. Siku hizi aiendeshaye zaidi ni kijana wake, ambaye kazini anatumia Boxer, hii ya babake huitoa jioni au wikendi akivuka Likoni kwenda kwa jamaa zao.

Kabla sijashika spana niliwauliza, je, kabla choki kutengenezwa ilikuwaje? Hili swali watu hawaliulizi na ndilo lililonipa nusu ya jibu. Kijana akasema asubuhi ilikuwa haihitaji choki kabisa, kiki moja ishawaka, lakini ikishapata moto ukiizima ndio taabu, manake kwenye feri waizima ukifika ng'ambo yakataa, magari nyuma yapiga honi, mpaka ufungue mafuta yote, yani uzungushe grip mpaka mwisho, upige kiki mfululizo ndio itoe moshi mweusi na kuwaka. Plagi kila ukiitoa ni nyeusi na imelowa. Slo ilikuwepo lakini ya kupanda na kushuka, haitulii. Fundi mmoja akaiangalia akawaambia choki inavuja, akaweka plunja mpya, kile kipande kinachofungua na kuziba njia ya choki, na alisema kweli, kazi yake ile ilikuwa sawa kabisa. Tabu ya feri ikaisha, plagi ikaacha kulowa. Lakini sasa asubuhi lazima uvute choki, na ukiirudisha tu, hata injini ikiwa na moto wa kutosha, yazima. Wakaambiwa na watu tofauti kuwa kabureta imekwisha, nunueni ya Kichina mfunge. Ami akakataa, akaja nayo kwangu akaniambia, "Mwanangu, hii piki mimi naijua, haijakwisha hii."

Sasa ili mfuate vizuri lazima tuseme choki yafanya nini. Petroli ikiwa matone haiungui vizuri, kinachoungua ni mvuke wake ukiwa umechanganyika na hewa, na kwa injini yenye moto kipimo cha sawasawa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, petroli nyingi inayotoka kabureta yashika kwenye kuta za manifoldi, njia ya kuingilia injini, na za silinda ikabaki majimaji, ile sehemu nyepesi peke yake ndiyo inayogeuka mvuke, kwa hivyo kinachofika kwenye cheche ni kidogo hata kama kabureta yenyewe imetoa kipimo chake. Choki yaongeza petroli ili hata nyingine ikipotea ukutani, mvuke unaobaki utoshe kushika moto. Kuta zikipata joto ile ziada haina kazi tena, inabaki kulowesha plagi tu. Na hapa kwetu, hata alfajiri ya mwezi wa saba ambapo watu wanatoa masweta, joto haliteremki sana chini ya nyuzi 20, kwa hivyo piki isiyo mbovu huku yahitaji choki kwa sekunde chache, basi. Ikikudai choki baada ya dakika mbili tatu, hapo haiombi choki, yaomba petroli ambayo ingepaswa kuipata kwa njia nyengine.

Lakini choki za piki za zamani si aina moja na hapa watu huchanganya mambo. Honda nyingi, C70, CG125 iliyotoka 1976, choki ni kisahani mdomoni mwa kabureta upande wa filta. Ukikigeuza kinaziba njia ya hewa, injini ikivuta inavuta petroli kwenye jeti zote, vile vijitundu vinavyopima petroli, ndogo na kubwa, na visahani vingine vina kilango kidogo cha springi ili injini ikishashika ipate pumzi isijizamishe. Aina hii ukifungua mafuta kidogo unapopiga kiki hakuna neno, mara nyingi hata yasaidia. Zile za Kiingereza, BSA na Triumph zenye kabureta za Amal, ni kitu chengine kabisa, kuna kitufe pembeni, ukikibonyeza kinazamisha kiboya kinachozuia petroli isizidi, petroli inapanda kupita kiasi mpaka yaanza kudondoka nje, halafu kuna slaidi ya pili ndani ya slaidi kubwa, inashushwa kwa waya kutoka kwa hendeli ili ipunguze hewa. Kwa joto letu kile kitufe chatosha peke yake na wenye Amal wengi hata ile slaidi ya hewa huitoa. Ila usikibonyeze injini ikiwa moto, petroli ikidondokea kwenye chuma cha moto si mchezo.

Mikuni VM yenyewe haizibi hewa hata kidogo. Hii ni kabureta ndogo ndani ya kabureta kubwa. Kwenye bakuli la petroli chini ya kabureta kuna kisima kidogo chenye jeti yake, ndani yake unaingia mrija mwembamba wenye vitundu, njia inapanda mpaka kwenye plunja ya shaba ambayo chini yake pana kipande cha mpira. Plunja ikiwa chini ule mpira umekalia tundu, umeziba. Ukiinyanyua, petroli inapanda, inachanganyika na hewa inayopita njia yake ya pembeni, na huo mchanganyiko mzito unatokea nyuma ya slaidi, yani upande wa injini. Kile kisima piki ikiwa imezimwa hujaa, ndiyo maana kiki za kwanza hupata mafuta mengi kuliko zinazofuata.

Sasa hapa sikizeni vizuri. Kinachovuta petroli ya choki ni mvuto wa injini nyuma ya slaidi, na mvuto huo una nguvu slaidi ikiwa imefungwa. Ukifungua mafuta hata robo tu mvuto umelegea, choki unaweza kuivuta mpaka mwisho na hakuna kinachopanda. Kijana wa Ami alipokuja kunionesha jinsi asubuhi inavyosumbua, nikaona mkono wake wa kulia uko kwenye grip ameshafungua mafuta kidogo, mazoea ya piki ya kazini. Nikamwambia avute choki, aiache grip kabisa, apige kiki. Ikawaka. Kwa hivyo plunja mpya yafanya kazi na njia yake iko wazi, hilo likaondoka mezani mapema.

Nikaiacha ipate moto vizuri, nikairudisha choki. Ikafifia ikazima. Nikaiwasha tena, safari hii choki imerudi chini lakini nashika mafuta, na juu ya robo ya grip inaenda vizuri sana, sauti safi, haikati. Nikaizungusha mtaani kidogo, nusu grip hakuna tatizo, grip yote hakuna tatizo. Ukifunga tu, imekufa.

Huu ndio ushahidi mkubwa wa kisa hiki. Kwenye VM, slaidi ikifungwa au ikifunguliwa kidogo sana, injini inalishwa na jeti ya slo, ile ndogo, petroli yake inatokea vitundu viwili vidogo sakafuni mwa kabureta karibu na ukingo wa slaidi. Ukifungua zaidi sindano inayoning'inia kwenye slaidi inachukua, halafu jeti kubwa. Piki inayokwenda vizuri juu na kufa chini, jeti kubwa na sindano hazina lawama. Shida iko njia ya slo, ama kuna hewa inaingia pasipofaa. Na kwamba choki inaiponya inakwambia upande gani, manake injini yenye moto inayopata mafuta sawa ukiivutia choki inapaswa kuchafukwa, itikisike, ikate. Hii ilitulia. Basi ina njaa.

Nikaanza na hewa kwa sababu piki ni ya zamani na ule mpira unaounganisha kabureta na injini huwa unapasuka nyufa kwa joto na chumvi ya huku. Piki ikiwa imewaka na choki kidogo, nikapulizia sprei ya kabureta kuzunguka mpira wote, kwenye gasketi, na chini ya silinda. Mngurumo haukubadilika. Ungeruka au kushuka pale nilipopuliza ningejua hewa inaingia hapo. Kwa stroki mbili pia siili ya upande wa magneto ikichakaa huingiza hewa, lakini hiyo mara nyingi injini hupandisha slo yenyewe ikakataa kushuka, na hii haikuwa na dalili hiyo.

Halafu skrubu ya hewa. Kwenye VM iko pembeni upande wa filta, ukiifunga unapunguza hewa ya slo mchanganyiko unakuwa mzito, ukiifungua unakuwa mwepesi, na kawaida yake yakaribia raundi moja na nusu nje kutoka pale ilipofungwa. Nikaifunga taratibu mpaka mwisho, nikaifungua raundi mbili, tatu, na muda wote injini ikishikiliwa na choki kidogo, haikusema chochote. Skrubu ya hewa isiyobadilisha kitu maana yake njia inayoiongoza imekufa. Hapo kwangu jibu lilikuwa tayari, kilichobaki ni kufungua tu.

Ami aliwahi kukaa na hii piki Eldoret miaka ya nyuma alipokuwa kikazi, na hilo nikaliweka akilini. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mafundi wa kule huweka jeti ndogo ili mafuta yasizidi. Piki iliyowekwa hivyo ukiiteremsha Mombasa ambapo hewa ni nzito, mafuta yapungua kila mahali, na kwa stroki mbili hilo ni la kuogopwa kwa sababu petroli inayoingia ndiyo pia hupoza ndani, ikipungua pistoni inaweza kushika, yani kukwama ndani ya silinda. Kwa hivyo nilipotoa jeti nikasoma namba zake kwanza nikalinganisha na kitabu cha piki ambacho Ami bado anacho, kurasa zimejaa alama za vidole vya oili. Namba ni zile zile za kiwandani. Eldoret haihusiki.

Bakuli nikalifungua. Chini kuna unga wa kahawia, kutu ya tanki, na ukutani pana ule utando wa rangi ya chai ambao petroli huuacha ikikauka. Jeti kubwa nikaiinua nikaielekeza mbinguni, tundu lake laonekana duara safi. Jeti ya slo nikaichomoa kwa bisibisi nyembamba, nikaiinua vile vile, giza. Hakuna mwanga hata kidogo, ndani kuna kitu cha kijani kimekaa kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu, nikampa aangalie mwenyewe juani. Akaigeuza geuza, akanirudishia, hakusema kitu.

Nikamuuliza kijana kama ile plunja ya zamani ipo. Ipo, Ami hatupi kitu, iko ndani ya kikopo na skrubu za zamani. Ule mpira wa chini ulikuwa mgumu kama si mpira tena, na katikati pana mfereji wa duara umechimbika pale ulipokuwa ukikalia tundu, upande mmoja umemeguka. Plunja kama hiyo hata ukiirudisha chini haizibi.

Kwa hivyo jambo lilikuwa hivi, na hapa ndipo raha ya kisa hiki ilipo. Kulikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja na moja lilikuwa linalificha jengine. Jeti ya slo ilikuwa inaziba pole pole, pengine kwa muda mrefu sana, na wakati huo huo choki inavuja, na choki ikivuja inavujia wapi? Nyuma ya slaidi, wakati slaidi imefungwa, yani pale pale na wakati ule ule ambapo jeti ya slo ingefanya kazi. Piki ikawa inakaa slo kwa petroli ya choki bila mtu kujua. Ndiyo maana slo haikuwa tulivu, njia ya choki haikupimwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana asubuhi haikutaka choki, choki ilikuwa imeshavutwa siku zote. Ndiyo maana ikiwa moto ilikataa kule feri, injini yenye joto yapewa mafuta ya baridi. Na ndiyo maana ukifungua grip ilikwenda sawa, mvuto ukilegea hata uvujaji wenyewe unapungua. Fundi wa kwanza alipoziba uvujaji alitoa mkongojo, na mgonjwa aliyekuwa chini yake akaonekana. Alichokosa ni kuangalia upande wa pili, manake bakuli lilikuwa la kufungua skrubu chache tu.

Kusafisha nako kuna namna. Jeti ya slo usiichokonoe kwa sindano ya chuma wala kwa waya wa breki, shaba ni laini, ukilipanua tundu hata kidogo umeharibu kipimo na hutajua kwa nini inakula mafuta. Mimi nailoweka kwenye sprei ya kabureta, halafu naipitishia unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwa waya laini wa umeme, kisha hewa ya kompresa. Mwanga ukapita. Lakini jeti si mwisho. Nikapuliza sprei pale jeti inapofungwa nikiangalia inatokea wapi, ikatoka kwenye tundu la skrubu ya hewa kwa nguvu na kwenye tundu moja tu la sakafuni, lile la pili kavu. Ungefunga hivyo piki ingekaa slo lakini ingekata kila ukianza kufungua mafuta, na watu wangerudi kulaumu choki. Nikalowesha, nikaliacha, nikapuliza tena kutoka pande zote mpaka vyote viwili vikatema. Kijinjia cha choki pale kwenye bakuli nacho nikakipuliza hapo hapo, jeti yake kwenye nyingi za hizi imepigiliwa, haitoki, sprei na hewa ndiyo dawa yake.

Plunja mpya nikaijaribu kabla ya kurudisha kabureta, bakuli likiwa nje na kila kitu kikavu. Mpira mwembamba kwenye tundu la choki nyuma ya slaidi, puliza kwa mdomo, plunja ikiwa chini hewa isipite, ikinyanyuliwa ipite. Ikiwa chini haikupita. Njia hii haigharimu chochote na yakwambia ukweli kuliko kubahatisha.

Nikafunga, skrubu ya hewa raundi moja na nusu, nikairudisha kwao ikae usiku kucha ipoe kabisa, asubuhi nikaenda. Choki juu, mkono mbali na grip, kiki, ikawaka, ikanguruma nzito, baada ya muda mfupi ikaanza kuchafukwa na choki, nikairudisha. Ikakaa. Skrubu ya hewa sasa inasikia, nusu raundi ndani inazubaa, nusu raundi nje inaanza kukata, nikaiacha pale inaponguruma juu zaidi kisha nikateremsha slo kwa skrubu ya slaidi. Tukaizima ikiwa na moto, tukaiwasha bila choki, ikakubali.

Kijana alikiri kuwa siku zile za katikati alikuwa anaendesha na choki nusu juu ili isizime kwenye foleni. Hii naomba muiache kabisa nyote wenye piki za zamani. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, na kwenye stroki nne inateremka mpaka kwenye oili ya injini ikaifanya nyepesi. Na kwa wenye Honda za kisahani, choki ikikwama nusu kagueni pia zile skrubu ndogo zinazokishika kisahani, zikilegea njia yake ni moja tu, kwenye injini.

Kilichobaki ni tanki. Ule unga wa kahawia kwenye bakuli unatoka huko na jeti itaziba tena ikiachwa hivyo, kwa sasa nimeweka filta kwenye mpira wa petroli na kijana ameambiwa kama piki italala zaidi ya siku chache afunge koki ya petroli aiache injini ijimalize bakuli likauke, manake petroli ikikaukia mle ndani ndiyo inaacha ule utando. Tanki lenyewe Ami amesema nilitoe baada ya Idi, hataki lifanyiwe na mtu mwingine, na rangi ya juu isiguswe kwa sababu ni ile iliyokuja nayo.